UZI: Mmisionari anapoliandikia kanisa lililomtuma, aseme nini? Na sisi tuliobaki tumjibu nini?

Mleta uzi:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Uzi ni mrefu kidogo, naomba uvumilivu wenu. Jambo hili liko moyoni mwangu muda mrefu.

Nahudumu kwenye kamati ya umisheni ya kanisa letu. Kazi yangu ni kupokea barua za watumishi tuliowatuma na kuzifikisha kwa washirika, kwa hiyo barua za kila namna zimepita mikononi mwangu. Zipo ambazo ukizisoma kwenye ibada ya maombi, watu wanapiga magoti kabla hujamaliza. Zipo pia ambazo ukimaliza mtu anauliza, "Sasa huyu ndugu anafanya nini hasa huko?" Barua ina kurasa tatu, picha kumi na mbili, na swali hilo halijajibiwa.

Nimefikia kuamini kwamba barua nyingi dhaifu hazitokani na uvivu wa mmisionari. Zinatokana na hofu. Anaogopa akisema mwaka huu haukuzaa, mchango utapunguzwa. Anaogopa akisema mke wake amechoka hadi hapati usingizi, wazee watamrudisha nyumbani. Basi anaandika kile anachodhani tunataka kusikia, na sisi tunapiga makofi, na mwaka unaofuata inabidi aandike kikubwa zaidi. Hofu hiyo tumeipanda sisi tunaotuma, na ni juu yetu kuing'oa.

Turudi kwenye Maandiko. Kanisa la Antiokia liliwaombea Barnaba na Sauli, likawawekea mikono na kuwaacha waende (Matendo 13). Waliporudi, Matendo 14:27 inasema walilikutanisha kanisa na kueleza mambo yote Mungu aliyoyafanya pamoja nao. Hebu fikiria safari iliyokuwa nyuma yao. Yohana Marko aliwaacha njiani. Walifukuzwa Antiokia ya Pisidia. Kule Listra Paulo alipigwa mawe, akaburutwa nje ya mji watu wakidhani amekufa. Sioni jinsi gani wangeieleza safari ile bila kuitaja Listra. Halafu mstari wa 28, ambao wengi tunaupita haraka: walikaa pale pamoja na wanafunzi muda usio mfupi. Kanisa lilipata nafasi ya kuuliza, na wao walipata nafasi ya kupumzika kati ya watu wao.

Na Wafilipi je? Ile barua, pamoja na mafundisho yake yote mazito, ni barua ya mtumishi kwa kanisa lililokuwa likimtegemeza. Vipengele vyote vimo. Anaeleza hali yake: yuko kifungoni, na kifungo chenyewe kimeieneza Injili hadi kwa askari. Haogopi kutaja kwamba wako wanaomhubiri Kristo kwa husuda ili kumuumiza. Anatoa habari za Epafrodito, mtu waliyemtuma wao wenyewe, kwamba aliugua karibu na kufa. Anashukuru kwa mchango. Lakini kwenye 4:17 anasema wazi kwamba hakitamani kile kipawa chenyewe, anayatamani mazao yanayoongezeka kwenye hesabu yao. Mtu anayeandika hivyo hajioni kama mwajiriwa anayetetea mshahara wake. Anawaona wale watu kuwa wabia wake katika kazi.

Sasa historia, maana wapo wanaodhani ukame ni dalili ya mtumishi mvivu. William Carey alifika India mwaka 1793. Mhindu wa kwanza aliyebatizwa kupitia kazi yao, Krishna Pal, alibatizwa Desemba 1800. Hesabu mwenyewe. Katikati hapo alimzika mtoto wake Peter, na mke wake Dorothy akapata ugonjwa wa akili ambao haukumwacha. Adoniram Judson alifika Burma mwaka 1813, akambatiza mwamini wa kwanza mwaka 1819. Kama kamati zao zingekuwa na kawaida ya kukata msaada kila baada ya miaka miwili isiyo na idadi ya kuonyesha, sijui Biblia ya Kiburma, aliyoitafsiri Judson, ingefika vipi.

Huyo Judson ana kisa kingine ambacho kwangu kina uzito kuliko hata ile miaka ya kungoja. Aliondoka Marekani mwaka 1812 akiwa ametumwa na bodi ya Wakongregesheni, ambao hubatiza watoto wachanga. Melini, akijiandaa kukutana na Wabaptisti wa Serampore, wenzake Carey kule India, alilichunguza upya Agano Jipya juu ya ubatizo, akabadili msimamo. Alipofika Calcutta yeye na mkewe Ann walibatizwa wakiwa watu wazima. Kisha akakaa chini na kuwaandikia waliomtuma kwamba hawezi tena kuendelea chini yao. Yuko nchi ya ugenini, hana mfadhili mwingine aliye tayari, na barua inachukua miezi kufika. Angeweza kunyamaza tu na kuendelea kupokea fedha. Aliandika. Mwenzake Luther Rice, aliyefikia msimamo uleule, alirudi Marekani, na mwaka 1814 Wabaptisti walikutana Philadelphia na kuunda chombo cha kuitegemeza kazi ile.

Kwa hiyo nikiulizwa barua njema ina nini, cha kwanza nasema ukweli, hata ule unaoweza kukugharimu.

Yanayobaki ni ya kiutendaji, na nitayasema kama ninavyowaambia watumishi wetu kabla hawajaondoka. Andika mara kwa mara na kwa ufupi. Ukurasa mmoja unasomwa, kurasa tano zinawekwa "nitasoma baadaye". Chagua tukio moja ulieleze vizuri. Niliwahi kupokea barua ambayo karibu yote ilimhusu mama mmoja aliyekuwa akija jikoni kwao kila juma kujifunza kusoma. Siku moja alifungua mfano wa mwana mpotevu, akasoma kwa kidole neno kwa neno, akafika pale baba anapokimbia, akafunga kitabu. Akasema mzee mwenye heshima hakimbii. Akaondoka. Barua ikaishia hapo, na ombi moja: "Mwombeeni arudi juma lijalo." Kanisa zima lilimwombea mama yule kwa jina la "mama wa jikoni", na watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wakiniuliza habari zake kwenye ngazi. Hakuna takwimu ambayo ingefanya hivyo.

Na lingine: yale uliyotuomba tuombee mara iliyopita, tuambie yaliishaje. Hata kama jibu ni "bado", au "hapana". Kanisa linaloomba bila kusikia mwisho wa jambo hupoa.

Nakaribisha michango, hasa kutoka kwa walioko shambani.

Mtumishi wa mbali:

Mleta uzi, Mungu akubariki. Mimi niko upande wa pili, ni mke wa mmisionari na barua za nyumba yetu huwa naziandika mimi. Umesema kweli tupu juu ya hofu. Naongeza kitu kinachoumiza kuliko hofu: ukimya. Unakesha ukiandika, unapima kila neno, unatuma, halafu hakuna anayejibu. Baada ya muda unajiuliza kama kuna anayefungua. Jibu la mistari miwili, "Tumesoma, tumemwombea mtoto wenu aliyeanza shule mpya," linaweza kutubeba miezi.

Pili, tuko mahali ambapo kazi yetu haiwezi kutajwa waziwazi. Tunawezaje kuandika kwa ukweli wakati hatuwezi kuandika hata neno "kanisa"? Na tulishawahi kuona barua yetu ikisomwa kwenye ibada inayorushwa mubashara mtandaoni, na majina yetu kamili yako kwenye skrini.

Mleta uzi:

Dada yangu, pole sana kwa hilo. Na nyie mlioko kwenye kamati, isomeni hiyo aya yake ya mwisho mara mbili. Ibada ikirushwa mtandaoni, kila kinachosemwa madhabahuni kimesemwa duniani kote. Tangazo la kanisa lililowekwa kwenye tovuti linatafutwa na kupatikana kwa jina la mtu, miaka mingi baadaye. Anayeumia kwanza mara nyingi siye mgeni, maana yeye atanyimwa viza na kuondoka. Anayeumia ni mwenyeji aliyeamini, ambaye picha yake ya ubatizo imeonekana na ndugu zake.

Paulo ana la kutufundisha hapa. Tazama mwisho wa Waefeso na Wakolosai. Hali yake haandiki kwa kirefu. Anasema Tikiko atawaarifu yote. Yapo ya karatasini na yapo ya kinywani mwa mtu anayeaminika. Sisi tumefuata hivyo: barua ya wote haina majina, haina mji, haina picha za nyuso, na maneno ya kazi yamekubaliwa kabla ya safari. Habari za ndani hupita kwa watu wachache, kwa programu ya ujumbe iliyofungwa kwa siri kutoka mwanzo hadi mwisho, au zinangoja hadi mtu afike. Mtumishi akija nyumbani tunafunga milango, tunazima kamera, na washirika wanaombwa wasirekodi. Jioni hiyo ndiyo tunasikia mambo yote.

Na kugawa habari hivyo hakuufichi ukweli. Ugomvi ndani ya timu, ndoa iliyochoka, mtoto anayekataa imani ya wazazi wake: hayo hayafai kwenye barua inayokwenda kwa watu mia tatu. Lakini lazima yawe na pa kwenda. Mzee wa kanisa au mama mmoja mwenye kifua, ambaye mtumishi anaweza kumwandikia usiku bila kupamba kitu. Mmisionari asiye na mtu wa namna hiyo amewekwa kwenye hatari kubwa kuliko malaria.

Mhazini:

Shalom. Mimi natunza sadaka ya umisheni, na nitasema upande wa wanaotoa. Uzi mzuri, ila msitupake matope sana. Washirika wanatoa kwa kujinyima. Wana haki ya kujua fedha imefanya nini. Nikisimama mbele yao na kusema "kuna mama anajifunza kusoma jikoni", yuko atakayeuliza: kwa kiasi kile chote? Wenzetu wa kanisa la pili wanaleta ripoti zenye mamia ya waliookoka. Nifanyeje?

Mleta uzi:

Ndugu Mhazini, swali lako ni la haki na nisingependa lipite juujuu.

Fedha kwanza. Hapo nakuunga mkono bila masharti. Paulo alipokuwa akipeleka mchango wa makanisa Yerusalemu hakusema "niaminini, mimi ni mtume". 2 Wakorintho 8 inaonyesha alisafiri na ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ili asiwepo wa kumlaumu, na akasema anaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mtumishi alete hesabu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na risiti zikiwepo. Ila hesabu iwe karatasi yake peke yake. Ukiichanganya na ushuhuda, kila mtu anayetajwa kwenye barua anaonekana kama bidhaa iliyonunuliwa.

Sasa idadi. Ukiletewa namba, uliza ni namba ya nini. Walioinua mikono mkutanoni? Waliofuatwa nyumbani kesho yake? Waliobatizwa? Wanaokusanyika bado baada ya mwaka? Hizo ni namba nne tofauti, na ya kwanza ndiyo kubwa kila mara, na ndiyo inayosafiri mbali. Tena mtumishi mmoja anaweza kutegemezwa na makanisa sita. Kila kanisa likihesabu waamini walewale kuwa matunda yake, waamini ishirini wanakuwa mia na ishirini kwenye mikutano yetu ya mwaka, bila mtu yeyote kusema uongo.

Namba zinazoulizwa vizuri zina faida, sizikatai. Luka mwenyewe alihesabu elfu tatu siku ya Pentekoste. Lakini msomaji huyohuyo wa Luka atakutana na Athene, ambako wengine walidhihaki, wengine wakasema watasikiliza siku nyingine, na walioamini wakatajwa wachache, wawili kwa majina. Athene nayo iliandikwa.

Na kwa yule atakayeuliza "kwa kiasi kile chote?", mweleze kazi inavyoenda. Miaka ya mwanzo mtu anajifunza lugha. Hapo hahubiri, anakosea matamshi sokoni na watoto wanamcheka, na hiyo ndiyo kazi. Kanisa likielezwa hivyo kabla hajaondoka, halitashangaa. Tatizo letu ni kwamba kwenye ibada ya kumuaga tunaahidi mavuno, halafu yeye anabaki kulipa ahadi ambayo hakuitoa.

Kijana wa Sayuni:

Nachomekea kidogo. Kuna ripoti ya mmisionari iliyobezwa na wasomi na baadaye ikaonekana kweli. Johannes Rebmann, aliyekuwa Rabai, karibu na Mombasa, pamoja na mmisionari mwenzake Krapf, aliuona Kilimanjaro mwaka 1848 akaandika kwamba kileleni kuna theluji. Habari ilichapishwa kwenye jarida la chama kilichomtuma mwaka 1849. Mwanajiografia mmoja wa London, Cooley, ambaye hakuwahi kufika, akapinga kwamba theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta. Mtu aliyeona kwa macho akawa ndiye mwongo.

Swali langu ni juu ya kuomba fedha. Nimefundishwa kwamba mtumishi wa imani haombi, anamwambia Mungu tu. Hudson Taylor alianzisha kazi yake China kwa msingi huo mwaka 1865. Je, barua yenye mahitaji si kukosa imani?

Mleta uzi:

Asante kwa hicho cha Rebmann, nami nitakuongezea cha mwenzake. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akampoteza mkewe Rosine na mtoto mchanga. Aliiandikia kamati iliyomtuma kwamba sasa kwenye pwani ile kuna kaburi la mtu wa kazi hiyo, na akalichukua kaburi lenyewe kuwa dalili kwamba kazi imeanza. Hakuna mradi, hakuna namba. Ni barua inayosomwa mpaka leo.

Kuhusu kuomba: Hudson Taylor alifuata dhamiri yake na Mungu alimheshimu. Lakini hata yeye hakuacha kuandika. Kazi ile ilikuwa na jarida lake lililosomwa sana, na watu walijua hali ilivyo. Paulo kwa Wafilipi haombi, ila kwa Warumi (15:24) anasema bila kuzunguka kwamba anatarajia wamsaidie kwa safari ya kwenda Hispania. Mtu yuleyule. Kwa hiyo siwezi kumhukumu mtumishi anayesema "gari limekufa na hatuna la kututoa". Ninachokataa ni barua ambayo kila safari mwisho wake ni dharura, na ile inayotumia uchungu wa watu wengine kuchomoa fedha.

Hili la mwisho ngoja nilikazie. Andika juu ya wenyeji kana kwamba watasoma, kwa sababu watasoma. Simu zinatafsiri lugha yoyote kwa sekunde. Yule kijana uliyemwita "mtu aliyelala gizani, asiye na matumaini" atajisoma, na mama yake atayasoma. Picha ya mtoto mchafu aliyelia, uliuliza wazazi wake? Ungekubali ya mwanao iwekwe ukutani kwa watu usiowajua?

Mtumishi wa mbali:

Amina kwa hilo. Sisi tunawasomea marafiki zetu hapa kile tulichoandika juu yao kabla ya kutuma. Mara nyingine wanasahihisha, na barua inakuwa bora.

Mama wa maombi:

Nimesoma mwanzo mpaka mwisho, mbarikiwe. Naomba ushauri. Kanisa letu lina familia tuliyoituma, na sasa ni muda mrefu hawajaandika. Wazee wengine wanasema msaada usimamishwe mpaka ripoti ije. Mimi moyo unakataa, lakini sina la kuwajibu.

Mleta uzi:

Mama, moyo wako uko sawa, na wazee nao wana hoja. Ripoti ni wajibu. Ila msianze na fedha. Mtumishi anayenyamaza mara nyingi hana nguvu ya kuandika, au lipo jambo asilojua aanzie wapi kulisema. Mkikata msaada mtapata ripoti upesi, tena nzuri, na hamtajua kamwe kilichokuwa nyuma yake.

Pigeni simu, siyo ujumbe. Mtu mmoja tu, anayewapenda, tena mke azungumze na mke. Msiulize kazi inaendeleaje. Ulizeni wanalala vipi, watoto wakoje, mara ya mwisho kupumzika ilikuwa lini. Sikilizeni bila kuandika. Mkiona hali ni nzito, kamati itume watu wawili wakawatembelee, na wasifike wakiwa wakaguzi. Wabebe barua za washirika, zawadi za watoto, wakae siku za kutosha hadi mazungumzo ya kweli yaje yenyewe. Wafilipi walimtuma Epafrodito, na alikwenda na mkono wenye kitu.

Suala la ripoti lizungumzwe baada ya hapo, kwa upole na kwa tarehe waliyoichagua wao. Na wewe mama usisubiri wazee waamue. Namba yao unayo? Wapigie leo jioni, saa zao zikiruhusu, halafu rudi hapa utuambie tuombee nini.

Mama wa maombi:

Ninayo. Napiga baada ya ibada ya jioni.